Nguo za mwanasesere, kutoka masika ya Kilwa hadi kaskazi

Fundi cherehani wa mwambao wa Lindi hana takataka. Vipande vya kanga, vitenge na lesi vinavyobaki sakafuni baada ya kukata gauni vina wenyewe, na wenyewe husimama mlangoni wakiwa bado na sare za shule. "Shikamoo fundi," kisha kimya. Fundi anajua kilichowaleta. Akiwa na nafasi huwafungia kifurushi. Akiwa amezidiwa na kazi za sikukuu huwaambia wajiokotee chini ya meza, mradi wasiguse mkasi.

Vipande hivyo vinakwenda kumvisha mwanasesere. Iwe Kilwa Masoko, Kivinje au Lindi mjini, huyo ndiye mvaaji mdogo kuliko wote, na wakati mwingine hubadilisha nguo mara nyingi kuliko mama mwenye nyumba.

Kwa mzazi mwenye haraka, hayo ni mambo ya kupotezea muda. Kwa wanaofuatilia makuzi ya mtoto, ni moja ya vitu vichache ambavyo nyumba isiyo na fedha inaweza kumpa mtoto bila kupungukiwa na nyumba yenye nazo. Tatizo ni kwamba katika pwani hii mchezo huo mara nyingi hukatishwa kabla mchezaji mwenyewe hajachoka.

Gunzi kwanza, sindano baadaye

Kabla midoli ya plastiki haijajaa madukani, mwanasesere alitoka shambani, na kwa watoto wengi bado anatoka huko. Gunzi ndilo mwili. Anayetafutwa zaidi ni yule wa hindi changa, kwa sababu ana nywele ndefu zinazosukika, na hapo ndipo wajukuu wengi wamegombana na bibi zao: hindi lililochumwa kabla ya wakati ni hindi lisiloliwa. Kitambaa hufungwa kifuani kama mama anavyojifunga kanga, na gauni limekwisha bila sindano.

Mwanasesere wa nguo huja baadaye kidogo. Mwili hushonwa kwa kipande cha shuka kuukuu na kujazwa sufi, zile nyuzi laini za tunda la msufi ambazo zamani zilijaza mito na magodoro ya nyumba nyingi za pwani. Macho hudariziwa kwa uzi mweusi. Mikono na miguu hushonwa peke yake kisha ikapachikwa, na hapo ndipo wanafunzi wengi hukwama, kwa kuwa mkono wenye upana wa kidole haugeuziki kirahisi ukishashonwa ndani-nje. Mafundi wa watoto hutumia kijiti cha mwiko au kalamu isiyo na wino kuusukuma.

Upande wa kaskazini mwa Lindi, kwa Wazaramo na Wakwere wa Mkoa wa Pwani, kuna mwanasesere mwingine asiyekuwa wa kuchezea. Huyo ni mwana hiti, kibonge cha mti kisicho na mikono wala miguu, kichwani amechongwa nywele kwa ustadi mkubwa. Mwali aliyewekwa ndani alipewa amtunze kama mtoto: kumwogesha, kumpaka mafuta, kumvisha shanga. Wengi wao leo wamo katika makabati ya makumbusho na nyumba za wakusanyaji wa Ulaya na Marekani, wamesimamishwa uchi juu ya vibao, bila shanga, bila nguo na bila binti wa kuwapaka mafuta.

Kitambaa chenyewe si kigeni Kilwa. Wachimbuaji wa mambo ya kale waliofanya kazi Kilwa Kisiwani chini ya Neville Chittick walikuta vigae vya vyungu vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati, ambavyo vilitumika kusokotea uzi wa pamba. Mreno Duarte Barbosa, aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16, aliwaeleza watu wa Kilwa kuwa ni wavaaji wa pamba, hariri na dhahabu. Binti anayebishana na mwenzake juu ya ukosi wa gauni la gunzi ana mababu waliobishana juu ya mambo hayohayo.

Kanga kubwa, mwili mdogo

Ugumu wa kumshonea mwanasesere ni vipimo. Kanga ina upana wa kama sentimita 110 na urefu wa sentimita 150, na michoro yake imepangwa kwa ajili ya mwili wa mtu mzima. Ukikata kipande cha katikati, yaani mji, mwanasesere mwenye kimo cha kiganja ataambulia nusu ya korosho iliyochorwa au jicho la tausi, basi. Wajuzi hukata kwenye pindo. Pindo la kanga lina michoro midogo inayojirudia, na ukanda wake mmoja unatosha sketi, kilemba na ushungi. Maandishi ya jina la kanga hayamfai, herufi moja inafunika tumbo lote, ingawa wapo wanaopenda kuikata herufi ya kwanza ya jina la mtoto na kuiweka mgongoni.

Kosa jingine la wanaoanza ni kukata kitambaa sawasawa na mwili bila kuacha nafasi ya mshono. Kwa gauni la mtu sentimita moja na nusu si kitu. Kwa mwanasesere ni robo ya kifua. Nusu sentimita inatosha, kwa mshono wa mkono wa kurudi nyuma, uzi mmoja na sindano nyembamba. Nguo nzito kama jinzi haikunjiki kwa kipimo hicho. Kanga iliyofuliwa mara nyingi hadi ikalainika ndiyo bora kuliko mpya, na kwa bahati nzuri ndiyo iliyojaa majumbani.

Mwaka mzima kwa picha

Simu zenye kamera zimeongeza jambo. Mwanasesere aliyevishwa sasa anapigwa picha, na mwenye kuchunga tarehe anaweza kuwa na albamu ya mwaka mzima wa pwani bila kutoka mtaani kwake. Mchezo huo una wenzake mbali. Desemba 2015, Mnaijeria Haneefah Adam, aliyesomea elimu ya dawa hadi shahada ya uzamili, alianza kumshonea Barbie hijabu na magauni marefu kwa mkono wake, akampiga picha na kumweka Instagram kwa jina la Hijarbie. Katika miezi michache picha hizo zilikuwa zimezunguka dunia. Novemba 2017, kampuni ya Mattel inayotengeneza Barbie ilitangaza mwanasesere wake wa kwanza mwenye hijabu, kwa sura ya Mmarekani Ibtihaj Muhammad, mchezaji wa upanga aliyepata medali ya shaba Rio mwaka 2016. Barbie alikuwa sokoni tangu 1959.

Kilwa haihitaji Barbie. Inayo misimu, na misimu ya hapa si ile ya theluji na majani mekundu inayoonekana kwenye picha za wanasesere wa Ulaya.

Masika yanapoanza, mwanasesere anahitaji koti la mvua. Mifuko ya plastiki iliyokuwa ikitumika imepigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, na kwa mtoto mdogo haikuwa salama hata hapo awali, kwa sababu humziba pumzi. Mwavuli uliovunjika ndio mgodi: kitambaa chake ni chepesi, hakipitishi maji na hakichanui nyuzi. Mwavuli mmoja hutoa makoti zaidi ya kumi. Picha za masika hupigwa barazani, maji yakidondoka kwenye makuti nyuma yake.

Lakini masika si ya kuchezea kila mwaka. Mei 2024, mvua kubwa na kimbunga Hidaya viliikumba pwani hii, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ikakatika eneo la Somanga wilayani Kilwa, na familia zikapoteza nyumba na vilivyomo. Katika hali kama hiyo watu hukumbuka unga, dawa na maturubai, na ni haki. Mara chache hukumbukwa kwamba mtoto naye amepoteza vitu vyake. UNICEF, katika sanduku lake la vifaa vya watoto wadogo wakati wa majanga, huweka vikaragosi vya kuvaa mkononi pamoja na sabuni. Sababu ni ya kiafya: mtoto aliyeogopa hawezi kusimulia kilichompata, lakini anaweza kumfunika mwanasesere shuka na kumwambia maji yameisha, lala.

Kuanzia Juni upepo wa kusi na baridi ya kipupwe huingia. Sweta hutoka kwenye soksi iliyopotelewa na mwenzake: sehemu ya kisigino ni mabega, shingo ya soksi ni shingo ya sweta, matundu mawili pembeni ni mikono. Ni nguo ya dakika kumi. Huo ndio wakati wa ufuta kuvunwa, na miganda iliyosimamishwa shambani ikauke humfanya mwanasesere aonekane kama amesimama msituni. Wavulana, ambao huapa kuwa hawachezi na midoli, huja nao kuomba vipande kwa fundi. Wanashona matanga ya ngalawa za kuchezea, na ukitazama vizuri mshono wao wa pindo ni uleule wa dada zao.

Oktoba hadi Desemba ni korosho. Fedha huingia, harusi na ngoma hufuatana, na mwanasesere naye huolewa mara tatu kwa wiki. Lesi na vitambaa vya kung'aa hupatikana kwa wingi kwa fundi. Picha za chini ya mkorosho ni nzuri, kwa kuwa kivuli chake kinachuja mwanga, ila kuna tahadhari mbili. Maji ya bibo yakidondokea nguo hayatoki tena kwa sabuni yoyote. La pili ni zito zaidi: mafuta ya ganda la korosho mbichi huunguza ngozi, na mtoto anayeokota ganda kulifanya sahani ya mwanasesere anaweza kuishia na malengelenge mdomoni. Awekwe mbali na mahali zinapobanguliwa.

Kisha kaskazi, joto, na upepo uliokuwa ukivileta vyombo kutoka Uarabuni na India. Hapo mwanasesere huvaa dera jepesi, na wapiga picha hukimbia jua la mchana. Kuanzia saa nne hadi saa tisa mwanga wa Kilwa hufuta sura yoyote, hasa ya kitambaa cheupe. Saa moja asubuhi au baada ya alasiri ndio wakati wake. Simu ishushwe hadi usawa wa macho ya mwanasesere, mpigaji alale chini ikibidi, kwa sababu picha ya kutoka juu humrudisha kuwa kitambaa kilichotupwa. Kioo cha kamera kifutwe kila mara. Ufukweni chumvi hukitia ukungu bila mtu kujua.

Nguo za Idi hazina msimu. Kalenda ya mwezi hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, hivyo Idi iliyoangukia masika mwaka 2024 itazunguka polepole hadi kaskazi, na kanzu ya mwanasesere itabidi iendane nayo.

Wanaotaka kumpiga picha kwenye magofu ya Kilwa Kisiwani, ambayo pamoja na ya Songo Mnara ni Urithi wa Dunia tangu 1981, wakumbuke kuwa kisiwa hicho hutembelewa kwa kibali kinachopatikana Kilwa Masoko. Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Mwanasesere anaweza kukaa juu yake. Mpiga picha asipande.

Mpige mwanasesere, si mtoto

Faida moja ya albamu ya namna hii haikupangwa na mtu. Wazazi wengi huweka mitandaoni picha za watoto wao wakiwa na sare za shule, zenye jina la shule, au wakiwa nusu uchi baharini. Mtoto hakuulizwa, na picha ikishatoka hairudi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mlinzi wa kwanza wa picha ya mtoto ni aliyeshika simu. Mwanasesere aliyevaa kipande cha gauni la mtoto, amekaa kwenye mkeka wa bibi siku ya Idi, anasimulia siku hiyohiyo kwa ndugu walioko Muscat au Dar es Salaam bila kumwonyesha mtoto kwa wasiomhusu. Nyuma ya picha iliyosafishwa, au chini yake kwenye simu, huandikwa tarehe na umri wa mwenye mwanasesere.

Umri huo ndio unaoamua mengine yote. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani, CDC, huorodhesha kumkumbatia mwanasesere kuwa moja ya dalili za makuzi zinazotarajiwa kwa mtoto wa miezi 15, na kujifanya kumlisha kuwa dalili ya miezi 30. Mama anayepeleka mtoto kliniki anaweza kumtazama kwa jicho hilo hata akiwa na gunzi tu. Mpango wa taifa wa malezi na makuzi ya watoto wa miaka 0 hadi 8, uliozinduliwa mwaka 2021, unahesabu mchezo na mazungumzo kati ya mlezi na mtoto pamoja na lishe na chanjo. Kushona nguo ya mwanasesere kunampa mzazi na mtoto nusu saa ya kukaa kitako wakizungumza, jambo ambalo televisheni haiwezi.

Kwa aliye chini ya miaka mitatu, mwanasesere asiwe na kifungo, shanga wala jicho la kubandika. Kipimo rahisi ni kile kikasha cha duara cha ndani ya karatasi ya chooni: chochote kinachopita humo kinaweza kumkaba. Nguo zake zifungwe kwa kamba fupi ya kitambaa. Midoli ya dukani inayolia au kuwaka taa ikaguliwe mlango wa betri, kwa kuwa betri ya mviringo kama sarafu ikimezwa inaweza kuchoma koo ndani ya saa mbili; hiyo ni safari ya hospitali mara moja, si ya kusubiri asubuhi. Sindano zihesabiwe kabla na baada ya kazi. Sufi ijazwe nje ya nyumba, mbali na mtoto mwenye pumu.

Mtoto wa miaka sita au saba anaweza kuanza kushika sindano akiwa na mtu mzima. Wa kumi anaweza kukata. Na wa kumi na mbili?

Hapo ndipo penye ugumu. Katika baadhi ya maeneo ya Lindi na Mtwara binti huchezwa unyago mapema, wakati mwingine hata kabla ya kuvunja ungo, kwa kawaida katika likizo ya shule. Unyago una mengi ya heri: usafi wa mwili, adabu, na undugu wa somo na mwali ambao hudumu maisha yote. Lakini akitoka ndani, mtoto wa miaka kumi huambiwa amekua. Mwanasesere huwa aibu kwake kuanzia siku hiyo. Huchomwa, hupewa mdogo mtu, au husukumwa nyuma ya kabati, na binti ambaye mwezi uliopita alikuwa akishona kanzu ya Idi sasa anatazamwa na watu wazima kwa macho mengine.

Utafiti wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulikuta kwamba asilimia 22 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wamezaa au wana mimba, kutoka asilimia 27 mwaka 2015/16. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Mahakama Kuu iliamua mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, kuwa vifungu hivyo vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Haki ya mtoto kucheza imo katika Ibara ya 31 ya Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, na mtoto kwa mujibu wa mkataba huo ni aliye chini ya miaka 18.

Hakuna anayedai kuwa kipande cha kanga kinazuia mimba. Ila makungwi na akina mama wana nafasi ya kusema jambo dogo ambalo halivunji mila yoyote: mwali akitoka ndani, mwanasesere wake asichomwe. Asiyetaka tena kumbeba mgongoni anaweza kuwa fundi wake. Wapo wasichana wa shule wanaowashonea wadogo zao na watoto wa majirani, na mkono uliozoea mshono wa nusu sentimita haushindwi na sare ya shule wala foronya.

Nguo za mwanasesere zifuliwe kwa mkono na zianikwe kivulini, maana jua la kaskazi hupausha kanga kwa siku chache. Sufi ikilowa huvunda. Tumbo lifumuliwe, itolewe yote, ianikwe juani hadi ichambuke tena. Wakati wa kumfunga, mshono wa mwisho huwekwa mgongoni, chini ya gauni, ili mwakani afumuliwe palepale.